Wamormoni wa Maji na Wamormoni wa Juisi

Miguu imekataa kukanyaga cherehani na macho imekataa kuona tundu ya sindano, kwa hivyo mimi Mama Kendi nimewachia wengine hiyo kazi. Mdomo bado iko sawa. Nyinyi mafundi wadogo wa hapo barazani mmekuwa mkiniuliza hizi nguo za makanisa nilikuwa nazishona namna gani na watu wasigombane, na mimi nawaambia waligombana sana, tena mbele yangu, kwa meza yangu. Sasa kaeni niwaambie.

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Kusoma jina ya mtu najua, kusoma namba kwa futi najua sana, hayo mengine nasikia kwa masikio. Niliteremka Isiolo kutoka upande wa Meru nikiwa bibi ya mtu, mzee wangu akipakia miraa kwa magari, na hiyo kazi ya miraa mnajua mtu analala mchana anaamka usiku, nikaona nitakaa kwa nyumba nikiangalia mtu akikoroma mpaka lini. Nikaenda kwa Fundi Guyo, Mborana mmoja mrefu aliyekuwa anashona kanzu karibu na msikiti. Nikamwambia, habari. Akaniambia, salaam aleikum, na habari pia, unataka nini. Nikamwambia nataka kazi. Akanipa shati na sindano, akasema, "Tengeneza tundu za vifungo." Nikatengeneza. Akaangalia, akachukua makasi akakata uzi yote, akanirudishia. Akasema, "Sasa tengeneza."

Hivyo ndivyo nilianza. Wiki nyingi ni tundu za vifungo tu, mpaka nikawa naziota. Cherehani sikuruhusiwa kuigusa. Guyo alikuwa anasema cherehani ni kama ngamia, ukimpanda kabla akujue atakutupa. Nikaona ananionea, lakini siku nilikalia hiyo cherehani mkono ulikuwa umejua kutulia.

Alinifunza kupiga pasi ya makaa bila kumwaga jivu kwa kitambaa nyeupe: unaipeperusha nje kwanza, na unaangalia upepo inatoka wapi. Alinifunza kuweka chaki kwa mfuko ya kulia na makasi ya kushoto, ndio usikalie makasi. Na alinifunza jambo moja ya dini. Akasema, "Mama Kendi, huu mji uko na kila aina ya mtu. Mtu akikuletea nguo ya dini yake, usimuulize kwa nini. Muulize urefu."

Basi nikashona kila kitu. Buibui, kanzu, gauni za kwaya, mashati ya wale wa kupiga ngoma, vilemba vya wale hawanyoi. Mimi mwenyewe ni mtu wa rozari, lakini sindano haina dhehebu. Nikapata jina sana kwa nguo za ubatizo, hizi nyeupe za kuzamishwa. Kuna siri hapo na ninawapea bure. Kitambaa nyepesi ikilowa inaonyesha kila kitu, na mama mzima hawezi kutoka kwa maji mbele ya watoto wake akiwa hivyo. Chukua ile kitambaa nzito ya sare za shule. Alafu gauni ikiingia kwa maji inapanda juu kama mwavuli, kwa hivyo kwa upindo unashonea vijiwe vidogo, kila kimoja kwa kifuko chake. Usiweke nati za magari. Kuna fundi hapa, sitamtaja na yuko hai, aliweka nati, na mtu akabatizwa akatoka na mstari ya kutu miguuni.

Ni hizo nguo ndizo zilinileta kwa Wamormoni.

Mara ya kwanza walikuja wanaume wawili na shati nyeupe na tai, kwa hiyo jua. Wakataka nguo za kuzamisha. Wakasema lazima mtu azame mzima, hata kidole ya mguu ikibaki nje inarudiwa. Nikapenda hiyo, nikaona hawa ni watu wa kazi safi. Nikawapea chai. Wakakataa, wote wawili, kwa adabu sana. Nikafikiria wanaona kikombe changu ni chafu, nikaosha tena. Kumbe dini yao inakataza majani. Dini ya kukataza chai, hapa Isiolo, nikasema hawa hawatamaliza mwaka.

Walimaliza. Na baada ya muda akaja mama mwingine, na nguo hiyo hiyo anataka, na kitabu yake ya Mormoni ni kama ile ya wale wawili, nikaficha birika. Akasema, "Mama Kendi, mbona hunipi chai?" Nikamwambia si nyinyi Wamormoni hamnywi. Akacheka. Akasema, "Hao ni wale wengine."

Huyo alikuwa Kathure. Analima vitunguu na matikiti huko Rapsu, kwa mifereji, na ni kuhani wa kanisa yake. Ndiyo, mwanamke. Yeye ndiye alinieleza huo mgawanyiko, na alinieleza kama mkulima, pole pole, huku akila mandazi yangu. Ati kiongozi wao wa kwanza aliuawa huko kwao mbali, zamani za babu za babu, na hakuwacha imejulikana nani anashika fimbo. Wengi wakafuata mkubwa wa mitume wake, wakahama naye mbali kwa milima. Wengine wakakataa kuhama, baadaye wakamchukua mtoto wa yule marehemu alipokuwa mtu mzima. Nikamwambia hiyo si ngumu, hiyo ni boma ya mzee mwenye ng'ombe nyingi na hakuongea kabla ya kufa. Akasema, "Kabisa. Na mpaka leo kila mtu anasema ng'ombe ni zake."

Mimi nikawapa majina yangu ndio nisichanganye nguo. Wale wa shati na tai kwa meza ya Bwana wanatumia mkate na maji, hao ni wa maji. Wale wa Kathure wanatumia mkate na juisi ya zabibu, hao ni wa juisi. Wa juisi wanaweka wanawake kuwa makuhani, wa maji hapana. Kwa rafu yangu nikatenga upande mbili na sikuwahi kukosea.

Sasa kesi yenyewe. Huyu Kathure alikuwa na kaka mkubwa anaitwa Mwenda, daktari wa mifugo, yule wa kuchanja ng'ombe na mbuzi huko Kipsing na Oldonyiro. Mtu mzuri, mpole, viatu vumbi kila siku. Na Mwenda alikuwa wa maji. Tena si wa kukaa nyuma: alikuwa ndiye rais wa tawi yao hapa mjini, wanaita hivyo, rais, na hata gari hana.

Walikuwa wanaongea vizuri mpaka siku Kathure aliwekewa mikono kuwa kuhani. Mwenda akasema mbele ya jamaa yote kwamba hiyo ukuhani ni ya kucheza, mwanamke haipati. Kathure akamwambia afadhali ya kucheza kuliko ya kujivuna. Basi. Kutoka hapo wakawa wanatumiana maneno kupitia mama yao, kama watoto wamenuniana kwa chakula.

Mama yao, Mama Mwenda, ni wa rika yangu. Presha, magoti, na kicheko kubwa. Alikuwa hajabatizwa popote. Akaja kwangu nimpime gauni ya ubatizo, akanyoosha mikono akasema, "Pima vizuri, ni moja tu nitavaa."

Nikamuuliza ni ya upande gani, ndio nijue rafu.

Akasema, "Hapo ndipo shida. Hawa wawili kila mmoja ananiambia nije kwake. Mwenda anasema nikibatizwa na Kathure kwao haihesabiki. Kathure anasema nikienda kwa Mwenda yeye hatakuja kuona. Nimewaambia siingii kwa maji mpaka wote wawili wasimame hapo kando pamoja. Na mimi magoti yangu haingoji mtu. Sitaki kufa nikiwa mkavu."

Tukacheka, lakini niliona macho yake na hayakuwa yanacheka.

Akatoa leso kwa mfuko, ile ya zamani ya zambarau imechanika katikati. Alikuwa amebebea hao watoto wote wawili nayo mgongoni. Akaniambia niikate nitengeneze mifuko mbili ya vitabu, yenye zipu, moja ya Mwenda na moja ya Kathure, na kwa kila mfuko nishonee namba ya sura ya ile hadithi anapenda kwa hicho kitabu chao. Ni hadithi ya watu walikimbilia porini kwa maji fulani, wakabatizwa huko kwa kujificha, wakiahidiana kubebeana mizigo. Hadithi hiyo watoto wote wawili walikuwa wanamsomea, kila mtu siku yake. Ndiyo kitu pekee walikuwa wanakubaliana bila kujua.

Nikawapigia simu wote waje na vitabu nipime. Wakaja siku moja, na hiyo sikupanga, ni Mungu au ni soko. Walisalimiana kama watu wamekutana benki. Wakaweka vitabu kwa meza. Vyote vya Kiingereza, vyote vimechakaa, saizi karibu moja. Nikapima, nikashona hapo hapo wakiwa wamekaa, yeye huku na yeye kule, mimi katikati nikikanyaga cherehani. Mifuko ikatoka mizuri, pacha kabisa. Nikaingiza vitabu kuona kama vinatosha. Vikatosha kama mguu kwa soksi.

Nikachukua uzi ya dhahabu. Nikauliza, "Sasa mniambie namba ya hadithi ya mama."

Mwenda akasema, "Sura ya kumi na nane."

Kathure akasema, "Sura ya tisa."

Nikangoja wamalizane.

"Kumi na nane," Mwenda akasema. "Hata watoto wa tawi wanajua."

"Mimi nimemsomea mama hiyo sura tangu mwaka jana, na ni tisa. Usinifunze kuhesabu, mimi nauza vitunguu kwa gunia."

"Basi mmebadilisha kitabu."

"Nani? Sisi? Nyinyi ndio mlikatakata."

Na Kathure alikuwa na ukweli wake na Mwenda alikuwa na wake, hiyo nilikuja kuelewa pole pole. Hadithi ni moja, maneno karibu ni yale yale. Lakini wa maji zamani walikata zile sura ndefu wakafanya fupi fupi, zikawa nyingi. Wa juisi wakawacha sura ndefu kama zilivyotoka, wakaweka hesabu yao ya aya. Ni kama kitambaa moja: huyu amekata mashati ya watoto, huyu amekata kanzu. Ukimwambia kila mtu akuletee kipande ya tisa huwezi kuletewa kitu moja.

Lakini hiyo siku hakuna mtu alitaka kueleweshwa. Mwenda alisimama akasema hatabeba mfuko imeandikwa namba ya uongo. Kathure akasema hata yeye. Nikasema basi sishonei namba, mchukue hivyo. Kila mmoja akanyakua mfuko kutoka kwa meza, huyu akatoka mlango wa mbele na huyu wa nyuma, na mlango wa nyuma yangu inaenda kwa choo, ikabidi Kathure arudi apite tena. Hakuniangalia, na mimi nikajifanya natafuta bobini.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nyinyi mmeshaona itakuwaje. Mimi sikuona.

Jumapili Mwenda akasimama mbele ya watu wake. Alikuwa ameamua, kwa hasira, kuhubiri hiyo hadithi yenyewe. Watu wake wako na vitabu vya Kiswahili, yeye anasoma Kiingereza akitafsiri, kama wale wa kutafsiri sinema. Akasema, "Ndugu zangu, fungueni sura ya kumi na nane." Watu wakafungua. Yeye akafungua zipu, akafungua kitabu, akatafuta. Sura ya kumi iko. Kumi na moja iko. Kumi na tatu iko, na baada ya hapo hicho kitabu cha ndani kimeisha, kinaanza kingine. Akarudi nyuma. Akaenda mbele. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akamsaidia, akasema, "Rais, ni kumi na nane." Akasema, "Najua ni kumi na nane." Jasho ikaanza. Ndipo yule mzee akainuka aje amtafutie, akaangalia ukurasa wa kwanza, akaona imechapishwa na kanisa ya wa juisi. Akarudi akakaa, akamnong'oneza wa kando yake. Kufika jioni mji mzima wa wa maji, ambao ni watu wa kujaa vyumba viwili, walikuwa wanasema rais amehamia kwa dada yake kisirisiri.

Huko Rapsu, Kathure naye akafungua sura ya tisa. Sura ya tisa iko, hiyo si shida. Akaanza kusoma kwa sauti bila kuangalia mbele, na badala ya watu kubatizwa akapata watu wamelima, wamepanda mahindi, alafu maadui wamekuja wamewaua na kuchukua mifugo na mazao. Akashtuka lakini akaogopa kusimama, akasoma mpaka mwisho. Watu wa Rapsu wakatikisa kichwa, wakasema amina, mmoja akasimama akashukuru pasta kwa kuongea ukweli juu ya wizi wa mifugo, na akaomba jina la serikali litajwe. Ibada ikaisha ikiwa mkutano ya usalama.

Jumatatu nilikuta Mwenda kwa mlango wangu kabla sijafungua. Ameshika mfuko kama mtu ameshika nyoka amekufa. Nikamfungulia, akakaa. Kathure akaja na gari ya kwanza ya kutoka Rapsu, ile ya upande wa Kinna. Wakaangaliana.

Kathure akamuuliza, "Ulipata kumi na nane?"

Mwenda akaweka mfuko kwa meza.

"Kwetu zinaisha kumi na tatu," Kathure akasema. "Ungenipigia ningekuambia."

"Nilikuwa mbele ya watu, Kathure."

"Na mimi nilikuwa mbele ya watu. Nimewahubiria wizi wa ng'ombe. Chifu ameniomba nakala."

Mwenda alijaribu kukaza uso. Ilianza kwa mabega, ikapanda, na alipocheka alicheka mpaka akafuta macho na tai. Kathure naye akashika meza. Mimi nikacheka nikakalia makasi, eti na umri huo wote.

Walipotulia, Mwenda akafungua kile kitabu cha dada yake kabla amrudishie. Akasema, "Hapa umepiga mstari." Akamwonyesha. Kathure akachukua kile cha Mwenda akafungua kumi na nane, na mstari ilikuwa kwa maneno hayo hayo, yale ya kubebeana mizigo. Yeye ya kalamu, yeye ya penseli. Wakabadilishana mifuko.

Nikafikiria imeisha. Haikuwa imeisha, kwa sababu gauni ilikuwa bado imening'inia kwa ukuta na mama yao alikuwa bado mkavu.

Hiyo wiki Mama Mwenda akaita wote wawili nyumbani kwake, na mimi pia ndio nipige gauni pasi, ama ndio niwe shahidi, sijui. Akasema, "Mwenda, kwako ni vizuri, watu wako ni wasafi na wanafika kwa saa. Lakini mimi nimekunywa chai tangu nikiwa mtoto, na nikikuahidi nitaacha nitakuwa nimemdanganya Mungu nikiwa bado nimelowa. Nitabatizwa na Kathure."

Mwenda akavuta kiti karibu na mama yake. Akasema, "Mama, nimesikia. Nakuheshimu. Lakini mimi siwezi kuja. Watu wangu tayari wanasema nimehama. Nikionekana huko kando ya maji, nimethibitisha."

Mama yake akasema, "Basi nitangoja."

"Usiningoje, mama."

"Wewe nilikungoja siku mbili nzima nikikuzaa. Nimezoea."

Siku ikafika. Ilikuwa Rapsu, kwa mfereji mkubwa. Wakulima walikuwa wamekubaliana wafunge mlango ya maji ili ijae hapo kwa kona, na hiyo si jambo ndogo, maana kila shamba ina zamu yake na vitunguu havielewi ubatizo. Nilimvalisha mwenyewe. Watu wakaimba wimbo, wakaimba mwingine, wakarudia ule wa kwanza. Kathure akaingia kwa maji, ikamfika kiunoni, akanyoosha mkono. Mama Mwenda akasimama kando akiangalia barabara. Mzee wa kugawa maji ya mfereji akaniuliza kwa sauti ya chini kama tutamaliza kabla ya zamu ya shamba yake. Nikamwambia amuulize Mungu.

Alafu pikipiki ikaja na vumbi yake. Mwenda akashuka na koti ya kazi, ile ya kuchanja, damu ya mbuzi kwa mkono moja, ametoka Oldonyiro bila kulala. Hakuja karibu. Akasimama mbali kidogo, nyuma ya watu, mikono imekunjwa. Mama yake akamwona. Hakumwita. Akainua gauni kidogo, akashuka hatua moja kwa maji, akayumba, maana chini hapo ni mawe na matope na magoti yake mnayajua.

Kathure akasema, bila kupaza sauti, "Mwenda. Shika mama huo mkono mwingine."

Mwenda akasema, "Mimi sitasema maneno yenu."

"Sijakuambia useme. Nimekuambia ushike."

Akavua viatu. Akaingia na suruali yake, akashika.